Kuijenga Mumble upya kwa ajili ya kikao cha Alhamisi

Kila Alhamisi saa tatu usiku, walimu wanane wa Fizikia tuliosoma chuo kimoja hukutana kwa sauti kupitia kompyuta. Mmoja yuko Newala, mmoja Mpwapwa, mmoja Kasulu, na wengine tumetawanyika katika wilaya ambazo ukizitaja zote unakuwa umeizunguka nchi. Tunatunga pamoja majaribio ya mwisho wa mwezi, tunapanga mazoezi ya vitendo yanayoweza kufanyika katika shule ambayo maabara yake ni chumba chenye meza mbili na sinki lisilotoa maji, na tunasahihishana bila kuoneana haya. Kikao hicho hakimlipi mtu, lakini mimi binafsi sijawahi kukikosa isipokuwa nikiwa mgonjwa.

Muhula uliopita nilimweleza mwenzetu wa Kasulu kwamba zoezi la kupima ukinzani wa waya lingehitaji seti nane za vifaa. Akaandaa seti nne. Siku ya zoezi nusu ya wanafunzi wake walisimama nyuma ya wenzao wakichungulia mabegani, na jioni alinipigia simu. “Mwalimu, ulisema nne,” aliniambia kwa upole, “niliandika kwenye daftari wakati ule ule unasema.” Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Ukiyatamka maneno hayo mawili polepole utaona kwamba kinachoyatenganisha ni irabu moja tu: ukiiondoa ile a ya katikati na kuivuta n ya mwanzo kidogo, nane inakuwa nne kamili. Hivyo ndivyo programu za sauti zinavyofanya pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data vinavyobeba sauti, zinapopotea njiani. Haziachi pengo la ukimya, bali hukisia kwa kuirefusha sauti iliyotangulia ili sikio lisishtuke. Sikio la mwenzangu halikushtuka, kwa kuwa lilipelekewa neno zima na safi ambalo mimi sikulisema.

Tukio hilo ndilo lililonifanya niufungue msimbo chanzo wa programu tunayoitumia, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, niusome, niujenge mwenyewe kuwa programu inayofanya kazi, na hatimaye niubadilishe. Naandika hapa yote niliyoyapitia, kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata hata ukurasa mmoja wa kunishika mkono.

Programu yenyewe ni Mumble. Ni programu huria ya mazungumzo ya sauti iliyoanzishwa na Thorvald Natvig mwaka 2005, imeandikwa kwa lugha ya C++ pamoja na maktaba ya Qt, na tangu mwanzo imependwa sana na wachezaji wa michezo ya kompyuta, watu wasiovumilia sauti kuchelewa. Sisi tuliichagua kwa sababu seva yake ni nyepesi kiasi cha kukaa kwenye mashine ndogo ya kukodi, na kwa sababu sauti husimbwa inaposafiri kati ya kompyuta na seva, jambo la lazima kwa watu wanaotunga mitihani.

Kwanza nilidhani hakuna haja ya kuugusa msimbo. Mipangilio ya sauti imo ndani ya programu, na vitelezi viwili vinatosha: kimoja cha ubora wa sauti, kingine cha kiasi cha sauti kinachopakiwa katika kila pakiti. Nilipomwuliza mwenzetu wa Kasulu anisomee vyake, nilikuta kitelezi cha pili kiko kwenye milisekunde 10. Alikisogeza mwenyewe, akiamini kwamba pakiti ndogo hufika upesi zaidi. Nikapanga thamani nzuri kwenye laptopu yangu, kisha, nisije nikawachosha wenzangu kwa maelezo, nikalichukua faili la mipangilio, ambalo katika matoleo ya 1.5 ni faili la maandishi la muundo wa JSON, nikawatumia wote.

Alhamisi iliyofuata mwalimu wa Mpwapwa alipoingia, mimi nikatolewa. Programu iliniarifu kwamba nimeunganishwa kutoka kifaa kingine. Nilipoingia tena, yeye akatolewa. Tuliendelea kutoana hivyo kwa dakika kumi kabla sijafikiria kulifungua lile faili na kulisoma. Ndani yake, pamoja na mipangilio ya sauti, kilikuwamo cheti changu cha kidijitali na ufunguo wake wa siri. Mumble haimtambui mtu kwa nywila. Humtambua kwa cheti kinachoundwa katika kompyuta yake siku ya kwanza. Kwa hiyo seva iliwaona watu wawili kuwa ni mimi, na mimi nilikuwa nimewagawia watu saba kitambulisho changu. Nilikifuta cheti hicho usiku ule ule, nikaunda kingine na kujisajili upya kwenye seva. Yeyote anayesoma hapa na kutumia Mumble namwomba sana asimtumie mtu faili lake la mipangilio, hata kama mtu huyo ni ndugu yake wa damu.

Njia salama ilikuwa moja, nayo ni kuijenga programu ambayo thamani zake za kuanzia ni zile tunazozitaka, ili mwalimu akiiweka tu imfae bila kugusa kitelezi. Tulikuwa na bahati kwamba laptopu zetu zote nane, zote za zamani, zinatumia toleo moja la Debian, mfumo endeshi wa Linux, nililowawekea mwenyewe, kwa hiyo nikifaulu kujenga kwangu, kazi ingekuwa imekwisha kwa wote.

Kupakua msimbo si kazi kubwa kwa mtu aliyeizoea Git, programu ya kupakulia na kutunzia msimbo, lakini kwa mtu anayehesabu bando kuna mambo mawili ya kuzingatia. Nililichukua tawi la 1.5.x peke yake bila historia yake, kwa kuongeza --depth 1 katika amri, kwani historia ya mradi wenye umri huu ni nzito na mimi sikuihitaji. Pia nilisahau kuongeza --recursive, na CMake, programu inayoandaa ujenzi, ikakataa kuendelea kwa sababu folda ya 3rdparty, inayohifadhi miradi midogo ambayo Mumble inaitegemea, ilikuwa na vyumba vitupu. Amri ya git submodule update --init ndiyo iliyovijaza. Maktaba nyingine zote, yaani Qt, Boost, OpenSSL, Protobuf na wenzao, nilizipata kwa amri moja ya apt build-dep mumble, baada ya kuruhusu mistari ya deb-src katika orodha ya vyanzo vya Debian. Maktaba hizo zilimeza bando kuliko msimbo wenyewe.

Kisha nikaandika amri hii:

cmake -B build -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -Dserver=OFF -Doverlay=OFF -Dplugins=OFF

Maneno matatu ya mwisho yaliniokolea muda mwingi. La kwanza linazuia kujengwa kwa seva, ambayo tayari tulikuwa nayo. La pili linaondoa kile kidirisha kinachoelea juu ya mchezo ili mchezaji amwone anayezungumza, ambacho katika mashine ya biti 64 hudai pia vifaa vya kujengea programu za biti 32. La tatu linaondoa viambatisho vinavyosoma mahali mchezaji alipo ndani ya mchezo ili sauti yake isikike kutoka upande huo. Ni kazi ya kupendeza, na ninawaheshimu walioiandika, lakini haina nafasi katika kikao cha kutunga maswali ya nguvu na mwendo.

Laptopu yangu ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Nilianza kujenga kwa kuviachia viini vyote vinne vya prosesa vifanye kazi kwa pamoja, na kwa dakika ishirini mambo yalikwenda vizuri, asilimia zikipanda mbele ya macho yangu. Baadaye kipanya kikaanza kukwama, taa ya diski ikawaka bila kuzima, na mwishowe ukatokea ujumbe kwamba cc1plus, yaani kompaila, ile programu inayoutafsiri msimbo wa C++ kwa lugha ya mashine, imeuawa. Sikuwa nimekosea kitu katika msimbo. Kompaila ya C++ inapolifungua faili moja linalotumia Qt na Boost hulazimika kusoma maelfu ya mistari ya faili nyingine kabla ya kulifikia lile lenyewe, na kila kazi inayoendeshwa sambamba hudai kumbukumbu yake. Kumbukumbu ilipokwisha, mfumo ulichagua mchakato mnono kuliko yote ukaufisha. Nilitengeneza faili la ziada la kumbukumbu kwenye diski, la gigabaiti 4, nikashusha kazi sambamba hadi moja kwa -j1, nikaenda kusahihisha madaftari. Saa mbili na nusu zilipita.

Zilipita, lakini si kwa mfululizo, maana umeme ulikatika kazi ikiwa imevuka nusu. Betri ya laptopu hiyo ilikufa siku nyingi, kwa hiyo mashine ilizimika papo hapo. Uzuri wa mfumo huu wa kujenga ni kwamba hauanzi upya: hulinganisha saa ya kila faili la msimbo na saa ya zao lake, yaani faili ambalo kompaila imelitoa kutokana nalo, na zao likiwa jipya kuliko msimbo linaachwa kama lilivyo. Umeme uliporudi niliitoa tena amri ile ile na kazi ikaendelea ilipoishia, ikafika hatua ya mwisho kabisa ya kuunganisha vipande vyote, ikagoma. Faili moja, iliniambia, halieleweki ni la aina gani.

Nilihangaika na hilo kwa siku mbili. Niliusoma upya msimbo wa faili hilo, nikaupakua tena, nikalinganisha herufi kwa herufi, nikaona hauna kasoro. Jioni ya siku ya pili nikaliorodhesha lile zao lenye kiambishi .o na kuona ukubwa wake: baiti sifuri. Lilikuwa limefunguliwa kwenye diski wakati umeme unakatika, jina likaandikwa, saa ikaandikwa, lakini ndani hakikuandikwa kitu. Kwa kuwa saa yake ilikuwa mpya kuliko ya msimbo, mfumo uliamini kwamba kazi yake imekwisha na kila mara ukalipita. Amri ifuatayo hutafuta mazao yote matupu na kuyafuta, na sasa huiendesha kila umeme unaporudi kabla ya jambo lolote:

find build -name '*.o' -size 0 -delete

Usiku huo dirisha la Mumble lilifunguka kutoka katika folda yangu mwenyewe. Halikuwa na tofauti yoyote na lile la zamani, kwa kuwa nilikuwa sijabadilisha hata herufi moja. Hata hivyo nilimwamsha mke wangu aje alione.

Sasa nieleze mabadiliko. Thamani za kuanzia za programu zimo katika faili liitwalo Settings.h, ndani ya folda ya src/mumble, na zile zinazotuhusu ni mbili. Ya kwanza ni iQuality, inayoonyesha ni biti ngapi za sauti zitumike kwa sekunde. Ya pili ni iFramesPerPacket, inayoonyesha ni vipande vingapi vya sauti, kila kimoja cha milisekunde 10, vifungwe katika pakiti moja. Nilidhani tatizo la Kasulu liko katika ile ya kwanza. Kumbe lilikuwa katika ya pili, na aliyenifundisha hivyo ni mstari mmoja wa hesabu uliomo katika AudioInput.cpp.

Mstari huo unakadiria mzigo ambao kila pakiti hubeba juu ya sauti yenyewe. Unajumlisha 20, 8, 4, 1 na 2, kisha unaongeza idadi ya vipande vya sauti. Ishirini ni baiti za kichwa cha IP, nane ni za kichwa cha UDP, nne ni za usimbaji, na zinazobaki ni alama za programu yenyewe. Ni kama barua inayowekwa ndani ya bahasha nne, na shirika la posta linatoza uzito wa bahasha sawasawa na uzito wa barua. Mtu akituma milisekunde 10 katika kila pakiti, bahasha zake zina baiti 36, na pakiti ni 100 kwa sekunde, kwa hiyo bahasha peke yake zinakula kilobiti 28.8 kwa sekunde. Akifunga milisekunde 40 pamoja, bahasha ni baiti 39 lakini pakiti ni 25 tu, na mzigo unashuka hadi kilobiti 7.8.

Linganisha hayo na sauti. Kodeki ya Opus, yaani mbinu ya kubana sauti ambayo Mumble huitumia, iliidhinishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012 na inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde. Kwa kilobiti 16 sauti ya mtu anayezungumza husikika vizuri sana, tena Mumble yenyewe, inapoona ubora umewekwa chini ya kilobiti 32, huiamuru Opus itumie namna iliyotengenezwa mahususi kwa maneno badala ya ile ya muziki. Kwa hiyo mwenzetu wa Kasulu angeshusha ubora wa sauti yake hadi 16 na bado angetuma karibu 45 kwa sekunde, sehemu kubwa ikiwa ni bahasha. Kwa pakiti za milisekunde 40 angetuma chini ya 24. Mtu akizungumza saa nzima bila kupumua, hiyo ni tofauti kati ya megabaiti 20 na megabaiti 11 hivi, na kwenye mnara unaohudumia vijiji kadhaa jioni watu wote wakiwa hewani, hiyo ni tofauti kati ya nane na nne.

Programu inaruhusu kufika milisekunde 60, na nilijaribu. Nafuu iliyoongezeka ilikuwa ndogo, kama kilobiti 2 tu, na bei yake ilionekana upesi. Pakiti moja ikipotea inaondoka na milisekunde 60 za maneno, nazo kwa Kiswahili zinatosha kumeza konsonanti nzima inayobeba maana: m ya muwape na msiwape ni ile ile, na kilichobaki ni silabi moja fupi inayoamua kama wanafunzi wapewe au wasipewe. Niliweka 4, yaani milisekunde 40, na 16000. Mistari miwili ya msimbo ikabadilika.

Baada ya mafanikio hayo nilitaka kubana zaidi. Niliona kwamba Mumble huifunga Opus itoe kiasi kile kile cha biti kwa kila pakiti, mtu awe anatamka s laini au a ndefu, ilhali Opus ina uwezo wa kutumia biti chache pale sauti inapokuwa nyepesi. Kubadilisha ni kuweka 1 mahali palipo na 0. Nilibadilisha, nikajenga, nikaona pakiti zimepungua ukubwa, nikafurahi. Ndipo nikajiuliza kwa nini watu wanaojua kazi hii kuliko mimi waliiacha nafuu iliyo wazi namna hiyo. Jibu ni la kiusalama. Ukubwa wa pakiti ukifuata sauti, mtu anayechungulia njiani hawezi kuufungua usimbaji, lakini anaweza kuusoma ule mpangilio wa kubwa na ndogo, na watafiti walikwisha kuonyesha kwamba maneno na hata sentensi fulani hutambulika kwa njia hiyo. Sisi tunasomeana maswali ya mtihani. Niliirudisha sifuri mahali pake siku ile ile, na nikaandika maelezo kando yake ili nisije nikasahau nikaibadilisha tena mwakani.

Mumble ina ukali mwingine ambao mwanzoni ulinikera, nao ni kwamba onyo lolote la kompaila huhesabiwa kuwa kosa. Katika kujaribu huku na kule niliacha kigeu kimoja kisichotumika, na ujenzi wote ukasimama kwa ajili yake. Ipo namna ya kuuzima ukali huo. Sikuuzima. Mtu anayejifunza anahitaji mwalimu wa aina hiyo.

Hatua iliyonichukua muda mrefu kuliko zote haikuwa ya sauti, ilikuwa ya maneno. Baadhi ya wenzangu hawakuwa wakijua vitufe vingine vina kazi gani, wakavizoea kwa rangi na mahali vilipo. Tafsiri za Mumble zimo katika faili zenye kiambishi .ts, kila lugha na lake, na programu ya Qt Linguist hulifungua faili hilo na kuonyesha sentensi moja moja pamoja na mahali inapotokea katika dirisha. Nikaanza faili la sw.

Kitufe cha kuzima maiki hakikunisumbua, kwa sababu kila mtu husema kuzima maiki. Kilichonisumbua ni jirani yake, kile kinachomfanya mtu asisikie wengine. Kwa Kiingereza kitendo hicho kina neno moja linalotokana na uziwi, na tafsiri ya kamusi ingekuwa kumtia mtu uziwi, maneno ambayo siwezi kumwandikia mwalimu mwenzangu kwenye kioo. Niliandika Ziba masikio, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya kwa mikono yake asipotaka kusikia. Hapo ndipo Kiswahili kilipoonyesha uwezo wake. Programu hutofautisha mtu aliyefanya jambo mwenyewe na aliyefanyiwa na msimamizi, na Kiingereza hutumia maneno mengi kuyatenga. Sisi tuna Umejiziba masikio na Umezibwa masikio, kitenzi peke yake kimebadilika kidogo na kila kitu kimeeleweka.

Cheti kilinitatiza kwa namna nyingine. Katika tafsiri yangu ya kwanza programu ilimwambia mtumiaji ahifadhi nakala ya cheti chake, na mwalimu wa Newala akaniuliza kwa dhati kabisa, “Mwalimu, cheti cha nini? Cha kidato cha nne au cha chuo?” Kwa mwalimu neno hilo limeshakaliwa. Nilibadilisha kila mahali kuwa kitambulisho cha siri, na baada ya yale yaliyonipata mimi, niliongeza onyo katika sentensi hiyo kwamba asipewe mtu mwingine.

Lipo jambo moja ninalowashukuru sana walioandika Mumble. Sehemu kubwa ya jumbe zao wameziandika kama sentensi nzima zenye nafasi ya kupachika jina, hawakuunga vipande. Mwandishi wa programu anayeunga jina, kisha kitenzi, kisha mahali, humfunga mikono mfasiri wa lugha kama yetu, ambamo kitenzi lazima kikubaliane na kilichotajwa: mwalimu ameingia, chumba kimefungwa, seva imezimika. Kwa sentensi nzima mimi ndiye niliyeamua mpangilio, na jumbe zikasomeka kama alivyozungumza mtu.

Tena zilisikika hivyo. Mumble inaweza kuzitamka jumbe zake, na katika Linux hufanya hivyo kupitia Speech Dispatcher, ambayo kwetu hutumia sauti ya eSpeak NG. Sauti hiyo ina Kiswahili. Lugha ya programu ilipokuwa Kiingereza, majina yetu yalitamkwa kwa namna ambayo wenyewe hawakujitambua. Nilipoiweka Kiswahili, mashine ikasema ameingia kwa irabu tano safi. Ni sauti ya bati, haina mvuto, lakini mwenzetu mmoja ambaye macho yake yamefifia ameacha kutuuliza nani yupo na nani ametoka.

Leseni ya Mumble ni ya BSD, inayoruhusu kuibadilisha programu na kuigawa mradi maelezo ya hakimiliki yabaki, kwa hiyo nimewapa wenzangu saba nakala pamoja na maelezo hayo. Mabadiliko yangu nimeyaweka katika tawi la pembeni, na toleo jipya la 1.5 likitoka nayahamishia juu yake, nikijenga usiku, kazi moja moja, pamoja na ile amri ya kutafuta mazao matupu. Thamani za sauti sijazipeleka kwa wenye mradi, kwa sababu zinatufaa sisi na hazimfai mtu mwenye mtandao mnene anayetaka kusikiliza gitaa. Tafsiri ni jambo jingine. Kazi hiyo hufanyika wazi kwenye Weblate, jukwaa la mtandaoni la kutafsiri programu, na nimeanza kuipitia ya kwangu sentensi kwa sentensi, nikiwasomea wenzangu mwishoni mwa kila kikao na kuwauliza kama wao wangesema hivyo.

Alhamisi iliyopita nilimsomea mwenzetu wa Kasulu idadi ya vifaa vya zoezi la mwezi huu, nane tena, na nikamwomba anirudishie. Akanirudishia nane. Mvua ilikuwa inanyesha kwake, naisikia juu ya bati nyuma ya sauti yake. Kilichobaki ni dirisha la ruhusa, pale msimamizi anapoamua nani aingie chumba kipi na chumba kidogo kirithi nini kutoka kwa kikubwa. Nina sentensi kama arobaini za hapo ambazo bado ziko katika Kiingereza, na kwa usiku tatu sasa nimekwama kwenye neno moja, kati ya kurithi na kufuata.